Mbu huanzia majini: tumzuie kabla hajaota mabawa

Kila kiumbe hai huzaliwa, hukua, huzaa na mwishowe hufa. Mtoto wa mbuzi akizaliwa anafanana na mama yake tangu siku ya kwanza: ana miguu minne, masikio na mkia. Mbu hafanyi hivyo. Kabla ya kuwa mdudu anayelia sikioni usiku, hupita hatua tatu ambazo hafanani kabisa na wazazi wake, na zote huzipitia majini au karibu kabisa na maji. Watoto wakizielewa hatua hizo, wanaweza kusaidia kuzikinga nyumba zao dhidi ya magonjwa.

Hatua ya kwanza ni yai. Mbu dume hang'ati mtu. Chakula chake ni maji matamu ya maua na mimea. Jike naye hunywa maji hayo, lakini huhitaji pia damu ili mayai yake yakomae. Mbu aina ya Anofelesi, ambaye hueneza malaria, hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mkupuo. Huyaweka moja moja juu ya maji, na kila yai lina maboya madogo ubavuni yanayolisaidia kuelea. Mbu aina ya Kuleksi huyataga yakiwa yameshikana. Mbu aina ya Edesi, anayeeneza homa ya dengue, huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai ya Edesi yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa maji yakiyafikia.

Baada ya siku mbili au tatu, yai huanguliwa na kiluwiluwi hutoka. Hana miguu wala mabawa. Hula vijimea na vijidudu vidogo mno vilivyomo majini, na hukua haraka. Kwa kuwa ngozi yake haitanuki vya kutosha, huivua mara nne. Ingawa anaishi majini, hupumua hewa, hivyo lazima apande juu mara kwa mara. Viluwiluwi wa Kuleksi na Edesi huning'inia kichwa chini, wakivuta hewa kwa mrija ulio upande wa mkia. Wa Anofelesi hawana mrija huo. Hulala sambamba na uso wa maji. Kwa kuangalia mlalo huo tu, mtoto anaweza kutambua mbu wa malaria hata kabla hajaruka.

Akivua ngozi mara ya nne, kiluwiluwi huwa pupa, aliyejikunja kama alama ya mkato kwenye daftari. Pupa hali chochote, lakini akishtushwa huzama upesi. Ndani yake mwili unajengwa upya: miguu, mabawa na mdomo wa kunyonyea vinatengenezwa. Kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Kisha ngozi hupasuka, mbu kamili hutoka, husimama juu ya maji mpaka mabawa yakauke, halafu huruka.

Safari yote, kutoka yai hadi mbu kamili, huchukua kama siku 7 hadi 14. Joto likizidi, huwa fupi zaidi.

Mbu huyo mpya hazaliwi na malaria. Huvipata vimelea anapomng'ata mtu aliye navyo, na vimelea hivyo huhitaji zaidi ya wiki moja kukomaa mwilini mwake kabla hajaweza kuvipeleka kwa mtu mwingine. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akifanya kazi India, aliviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Ugunduzi huo uliwasaidia watu kuelewa kwamba kumzuia mbu ni kuzuia malaria.

Wengi hudhani mbu wa malaria huzaliana chooni na kwenye mitaro michafu. Huko mara nyingi ni makazi ya Kuleksi, ambaye husumbua usingizi na anaweza kueneza matende. Anofelesi hupenda maji yaliyo safi kiasi: madimbwi ya mvua yanayopigwa na jua, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, mashimo ya kufyatulia matofali na mashamba ya mpunga. Edesi hupenda makopo, vifuu vya nazi, matairi chakavu, ndoo na mapipa.

Watoto wapendwa, chagueni siku moja ya wiki, tuseme Jumamosi, mzunguke nyumba pamoja na mtu mzima. Yamwageni maji yaliyotuama kwenye vyombo juu ya udongo mkavu, kwani kiluwiluwi hawezi kuishi huko. Sugueni kuta za ndoo ili mayai yabanduke, kisha mapipa ya maji yafunikwe vizuri. Mkifanya hivyo kila wiki, mbu wengi watakufa kabla hawajaruka. Msiingie kwenye madimbwi wala mabwawa, maana humo mnaweza kupata kichocho au kuzama.

Wazazi, kufukia madimbwi ni kazi yenu, na kumwaga maji hakuchukui nafasi ya chandarua chenye dawa, kwa sababu mbu wengine hutoka mbali na nyumba yenu. Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku, na akipata homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akapimwe.