PAMBA YA UELE: SHAMBA LAKO, BEI SI YAKO

Hapa Ituri tunazoea kusikia habari za dhahabu ya Kilo na Moto. Leo tuangalie pamba ya jirani zetu wa Uele, maana nayo ilikula nguvu ya watu wengi.

Wengi hufikiri kazi ya ukoloni ilikuwa katika mashamba makubwa ya wazungu tu. Kule Tanganyika katani ilikuwa hivyo: kibarua alikata majani katika shamba la kampuni, akilipwa akiisha kujaza siku 30 katika kipande chake. Kwa pamba Wabelgiji walifanya namna ingine.

Kwanza, mwaka 1917 serikali iliamuru wanakijiji walime mazao ya lazima, siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikafika 120. Aliyekataa alipata faini ama jela, na ndani ya jela kulikuwa fimbo.

Pili, amri ya 1921 iligawia makampuni kama Cotonco maeneo yao. Mkulima hakuruhusiwa kuuza kwa mwingine, na bei ilipangwa bila kumuuliza.

Tatu, ile kazi yenyewe: kufyeka, kulima, kupanda, kupalilia, kuchuma kwa mkono, kutenga pamba nyeupe na chafu, kisha kubeba vikapu kwa kichwa mpaka sokoni. Kitabu kiliandika mwanaume tu, lakini mama na watoto walichuma pia. Pesa kidogo waliyopata ilirudi kwa kodi. Kiwandani mbegu zilitolewa, zikabaki nyuzi karibu theluthi moja ya uzito. Gari la moshi la Vicicongo, lililofika Mungbere mwaka 1937, lilizipeleka Aketi, na kutoka pale meli ilishuka nazo mtoni.

Sasa angalieni vizuri. Mvua ikikosa, ama wadudu wakila, kampuni haikupoteza hata jembe moja. Hasara ilibaki kwa mkulima, pamoja na njaa, kwa sababu siku za pamba ziliibwa kwa mpunga na muhogo. Ndiyo maana wengine walichemsha mbegu kwa siri kabla ya kupanda. Agronomo akija, haikuota. Basi, udongo ni mbaya! Waliitwa wavivu, kumbe walijua hesabu.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tutarudi vijijini. Tukiona mkulima analetewa mbegu bure, tuulize: bei inapangwa na nani, na hasara itakuwa ya nani?