Ubavu kwa Ajili ya Pua

Kuna wagonjwa wa Seoul ambao upasuaji wa pua zao huanzia kifuani. Daktari anachana ngozi sentimita chache chini ya titi, anakata kipande cha gegedu kwenye ubavu wa 6 au wa 7, anakichonga juu ya meza, kisha anakiacha kwanza. Gegedu la ubavu lina tabia ya kujipinda likishachongwa, na heri lijipinde mezani kuliko ndani ya pua ya mtu. Mwaka 1958 wapasuaji Gibson na Davis walieleza chanzo chake: gegedu limevutwa sawasawa pande zote, ukilimega upande mmoja tu, ule uliobaki unashinda mvutano. Hivyo mchongaji hodari hutoa kidogo huku na kidogo kule, na moyo wa kipande ndio anaoutumia.

Siku hiyohiyo, mwenzake wa Paris huenda ameshika tupa na patasi akisugua mfupa wa pua ili kuondoa nundu. Wote wawili wameandika kwenye ratiba yao jina lilelile la upasuaji, lakini mmoja anajenga na mwingine anabomoa.

Upasuaji wa pua wa urembo, kama unavyofundishwa tangu mwisho wa karne ya 19, ulizaliwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kusahihisha pua za huko. John Orlando Roe wa Rochester, New York, aliandika mwaka 1887 jinsi ya kupunguza ncha ya pua kwa kupitia ndani ya matundu ili kovu lisionekane. Mwaka 1898 Jacques Joseph aliwaeleza madaktari wenzake wa Berlin kisa cha kijana aliyeona haya kutembea barabarani kwa ajili ya ukubwa wa pua yake, na namna alivyoipunguza. Vifaa vilivyotokana na kazi hiyo ni vya seremala: msumeno, tupa, patasi. Vizazi kadhaa vya wapasuaji vilijifunza kwa vifaa hivyo, na wengine wakasafiri navyo mpaka Asia ya Mashariki, ambako walikuta pua isiyo na cha kupunguzwa.

Pua nyingi za Wakorea, Wachina na Wajapani zina mfupa mfupi ulio chini. Mgongo wa pua huanzia karibu na usawa wa mboni ya jicho, wakati kwa Mzungu huanzia juu zaidi, kwenye kope za juu. Ukuta wa gegedu unaotenganisha matundu mawili, ambao ndio ghala la kwanza la mpasuaji anapotaka kiraka, ni mdogo. Magegedu ya nchani ni laini. Halafu ipo ngozi: nene, na chini yake kuna tabaka la mafuta na nyuzinyuzi. Tandika turubai zito juu ya vijiti vyembamba uone kama hema litasimama. Ukipunguza vijiti hivyo kwa matumaini kwamba pua itachongoka, ngozi haitafuata. Itakaa pale ilipo, imetuna, na ncha itazidi kuwa butu. Njia iliyobaki ni kuweka mhimili wenye nguvu ya kuisukuma ngozi hiyo kutoka ndani.

Msomaji anaweza kujipima mwenyewe bila daktari. Bonyeza ncha ya pua kwa kidole cha shahada. Ikizama bila kukupinga hadi karibu na mdomo, magegedu yako ya nchani ni laini. Ikikurudisha, una mhimili. Kisha bana ngozi ya nchani kwa vidole viwili ujaribu kuiviringisha, halafu fanya hivyo juu, kati ya macho. Tofauti ya unene utaihisi papo hapo. Mpasuaji makini hufanya hayohayo kabla hajagusa kalamu ya kuchora.

Mhimili unatoka wapi, hapo ndipo wapasuaji wa Asia walipobishana kwa miaka mingi. Silikoni ni rahisi: inakuja ikiwa imeshachongwa, haijipindi, haihitaji kidonda cha pili, na kazi huisha upesi. Ndiyo maana ilienea. Tatizo lake ni kwamba mwili hauichukui kuwa sehemu yake. Inazungushiwa kifuko cha kovu, na kifuko hicho kinaweza kukaza na kuikunja pua ikawa fupi, matundu yakitazama mbele. Ikishuka mpaka nchani, ngozi huanza kuwa nyekundu na kukonda, na kuna watu ambao silikoni ilitokeza nje miaka mingi baada ya upasuaji walioufurahia. Kwa hiyo wengi siku hizi huchanganya: silikoni kwenye mgongo wa pua tu, na nchani gegedu la mgonjwa mwenyewe, hasa la sikio, ambalo tayari lina mkunjo unaofaa. Wengine hukataa silikoni kabisa na kwenda ubavuni, ambako gegedu ni la kutosha hata kujenga pua nzima upya. Umri ukisonga, gegedu la ubavu huanza kugeuka mfupa, likawa gumu kuchonga. Hakuna ghala lisilo na kodi yake.

Lakini Asia ipi? Hapa Bujumbura tuna mtaa mzima, Quartier Asiatique, uliopata jina lake kwa wafanyabiashara waliotoka Bara Hindi na Arabuni. Mzee wa mtaa huo akienda kwa mpasuaji, kuna uwezekano mkubwa atakuwa na mgongo wa pua ulio juu, wenye nundu, na ncha inayoinama; yeye atahitaji zaidi tupa ya Jacques Joseph kuliko ubavu wa Seoul. Vitabu vya udaktari vinavyosema “pua ya Kiasia” vinamaanisha kipande kimoja tu cha bara hilo. Tena Bara Hindi ndilo lililoufundisha ulimwengu kujenga pua. Mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha habari za Cowasjee, mwendesha mikokoteni ya ng’ombe wa jeshi la Waingereza, aliyekatwa pua akiwa mateka wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, akajengewa nyingine kwa ngozi ya paji la uso. Mpasuaji Mwingereza Joseph Carpue alisoma habari hiyo, akajaribu London mwaka 1814, akafanikiwa. Njia hiyo ya paji la uso bado inatumika duniani kote kwa pua zilizoliwa na saratani, zilizong’atwa au kusagwa katika ajali. Ngozi huachwa ikining’inia kwa mshipa wake kati ya macho kwa wiki 3 hivi, mpaka ipate damu ya makazi mapya, ndipo inakatwa.

Sasa turudi kwenye pua zetu. Ngozi nene ya nchani, mgongo wa chini, mabawa mapana: sifa zinazoandikwa juu ya Wakorea zinaandikwa pia, karibu neno kwa neno, juu ya Waafrika wengi. Kwa mantiki ya upasuaji, mtu wa mtaa wetu wa Buyenzi anaweza kuwa na mengi zaidi ya kujifunza Seoul kuliko Paris. Nasema anaweza. Mwaka 1993 Ferdinand Ofodile, mpasuaji wa Harlem, New York, na wenzake walizigawa pua za Wamarekani weusi katika makundi matatu, kwa sababu waliona hakuna pua moja ya mtu mweusi wa kuandikia kanuni. Na hao ni Wamarekani tu. Kaa nusu saa mbele ya kituo cha mabasi cha mjini Bujumbura ukitazama nyuso za wanaoshuka, utayaona makundi yote matatu na mengine ambayo Ofodile hakuyataja.

Jambo moja linatutofautisha na Wakorea. Ngozi nyeusi ina tabia ya kuota makovu yanayofura na kupita mipaka ya kidonda, yaani keloidi. Juu ya pua penyewe ni nadra. Ila kifuani na masikioni ndipo mahali pake pa kupenda, na hapo hasa ndipo mpasuaji anapokwenda kuchota gegedu. Mtu ambaye tundu la hereni lilimwachia uvimbe akiwa binti anapaswa kulitaja hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Katika nchi hii ya Burundi kipimo cha pua kilitangulia kisu, tena kwa miaka mingi. Aprili 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Uvira, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, mahali tunapopaona kwa macho kutoka ufukweni siku ya anga safi. Mwaka 1863 Speke alichapisha kitabu alichodai ndani yake kwamba watawala wa maeneo ya maziwa makuu walitoka Uhabeshi, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa sura zao. Wasomi wa Ulaya walikuwa na hesabu tayari: upana wa pua mara 100, gawanya kwa urefu. Chini ya 70 ni pua nyembamba, 85 na zaidi ni pana. Nchini India, Herbert Risley aliitumia hesabu hiyo kupanga matabaka ya watu katika sensa ya 1901, akidai kwamba kadiri pua inavyopanuka ndivyo hadhi inavyoshuka. Wabelgiji waliileta rula hiyohiyo Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za kikoloni. Jean Hiernaux, daktari na mwanaanthropolojia, alipima miili ya watu na kuchapisha vipimo vyake Brussels mwaka 1954.

Wastani wa upana wa pua wa Wahutu na wa Watutsi ulitofautiana kwa milimita chache, na ndani ya kila kundi watu walitapakaa kotekote. Kilichonivutia kwa Hiernaux ni kwamba miaka ya baadaye alikuwa miongoni mwa waliopinga mgawanyo wa binadamu kwa mbari, na mwaka 1974 aliandika kwamba miili mirefu na pua nyembamba za Waafrika wa mashariki zilikua hapahapa Afrika, kwa kuzoea joto kavu, bila kuhitaji mababu kutoka nje. Rula yake mwenyewe ilimtoa kwa Speke. Kwa bahati mbaya, mitaani tulibaki na Speke. Riwaya ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, iliyotoka mwaka 2016, inaanza na mtoto anayeelezwa na baba yake kwamba watu wanapigana kwa sababu ya pua. Na pua ile haikuwasaidia hata wauaji wa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe: tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta, hapa Burundi, waliwaamuru vijana wajitenge wenyewe, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Waliuawa 40.

Kuhusu hali ya hewa, Hiernaux hakuwa peke yake. Arthur Thomson na Dudley Buxton walionyesha mwaka 1923 kwamba pua huwa nyembamba katika nchi za baridi kavu na pana katika nchi za joto na unyevu. Mwaka 2017 watafiti walipiga picha za pande tatu za nyuso za watu 476 wenye asili ya Afrika Magharibi, Asia ya Kusini, Asia ya Mashariki na Ulaya ya Kaskazini. Walipata kwamba upana wa matundu na wa mabawa ya pua umetofautiana zaidi kuliko bahati nasibu ya urithi inavyoweza kueleza, na kwamba upana wa matundu unafuatana na joto na unyevu. Pua hupitisha takriban lita 10,000 za hewa kwa siku, na yote lazima ipashwe moto na kuloweshwa kabla ya kufika mapafuni. Njia nyembamba huisugulisha hewa hiyo na kuta zenye majimaji. Bujumbura, mita 800 hivi juu ya bahari, ziwa likifuka unyevu mbele yetu, hewa inaingia ikiwa karibu tayari.

Ndiyo maana ombi la “nipunguzie mabawa” linahitaji mazungumzo marefu kuliko watu wanavyofikiri. Mahali pembamba kuliko pote katika njia ya hewa ni pale nyuma kidogo ya tundu, ambapo gegedu la pembeni linakutana na ukuta wa kati. Weka kidole shavuni kando ya pua, vuta shavu kuelekea sikioni, kisha vuta pumzi. Ikiwa hewa imepita kwa urahisi zaidi kuliko kawaida, huenda njia yako tayari imebana hapo. Mpasuaji akikata nyama ya bawa na kushona bila kuangalia hilo, mgonjwa atapata picha nzuri na usiku wa kuhema kwa mdomo.

Na picha yenyewe nayo! Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba selfi iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo katika picha ya mita 1.5. Kuna wasichana wanaokwenda kwa mpasuaji kulalamikia pua ambayo jirani zao hawajawahi kuiona. Mwambie mwenzako akupige picha kutoka upande wa pili wa chumba kwanza.

Anayeshindwa gharama za upasuaji huangukia sindano ya kujaza jeli chini ya ngozi, inayosifiwa mitandaoni kwamba huinua pua kwa dakika 15. Hiyo ndiyo inayonitisha kuliko kisu. Mishipa ya damu ya mgongo wa pua imeungana na ile inayolisha jicho. Jeli ikiingia kwenye mshipa na kusukumwa nyuma, mtu anaweza kupofuka palepale kitini, na pua ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza kwa ajali za namna hiyo. Kwa jeli ya asidi ya hayaluroniki kuna dawa ya kuiyeyusha. Muulize anayekudunga kama anayo mkononi, siyo kama anaweza kuiagiza.

Mwenye uwezo huangalia Nairobi, India au Istanbul. Asilinganishe bei tu. Aombe kuonyeshwa pua za watu wenye ngozi nene kama yake, zilizopigwa picha mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, kwa kuwa ngozi ya namna hiyo hubaki imevimba muda mrefu, nchani wakati mwingine mpaka miaka 2, na picha za mwezi wa kwanza hazisemi lolote. Aulize gegedu litatoka wapi, na nani atamwona uvimbe ukikataa kushuka. Hoteli na plasta vimo ndani ya bei ya kifurushi, na siku 7 au 10 baada ya upasuaji plasta hutolewa, abiria anapanda ndege. Miezi mingine yote ya kupona ataipitishia hapa Bujumbura, na daktari aliyemfanyia yuko nchi nyingine.