Joto la Dubai na betri za lithiamu
Mimi ni mkemia hapa Dubai, na wenzetu wanaonunua huku magari ya umeme yaliyotumika, wayapeleke Dar au Mombasa, hutazama kilomita tu. Jamani, ulizeni na joto! Elektroliti, kile kimiminika kinachopitisha ayoni ndani ya betri, kwa kawaida ni chumvi ya LiPF6 iliyoyeyushwa katika kabonati za kikaboni. Kiangazi hapa hupita nyuzi 40. Joto likizidi, chumvi ile huanza kuvunjika. Ikikuta unyevu hata kidogo, huzaa asidi ya HF, nayo hula kathodi. Basi gari lililoshinda juani laweza kuwa na kilomita chache na betri iliyochoka. Pimeni uwezo uliobaki kabla ya kutoa hela.