Je, Vitamini Zaweza Kumkinga Mwuguzi?

Wako watu ambao kazi yao ni kuyakaribia maradhi ambayo sisi wengine twayakimbia. Mwuguzi hasimami mbali na mgonjwa anayekohoa. Humwinua, humfuta jasho, humlisha, na pumzi ya mgonjwa humpiga usoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba baina ya Januari 2020 na Mei 2021 walikufa kwa Korona, ulimwenguni kote, wahudumu wa afya wasiopungua 80,000, na huenda wakafika 180,000. Na watu hawa hawalali hospitalini. Jioni hurudi majumbani kwao, penye wazazi wazee na watoto wachanga. Kwa hiyo jambo hili lamhusu kila mzazi wa Mpanda, wa Inyonga au wa Karema ambaye binti yake au kijana wake ameshika kazi ya uuguzi.

Mzazi huyo, kwa mapenzi yake, hutafuta kitu cha kumkinga mwanawe, na jawabu lililo karibu ni chupa ya vidonge: vitamini C, vitamini D, madini ya zinki, mafuta ya ini la samaki, na pembeni yake unga wa mlonge, asali na habasoda. Mwezi wa Februari 2021 hata Waziri wa Afya, Dokta Dorothy Gwajima, aliwaonyesha waandishi wa habari kule Dodoma namna ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili. Yafaa basi tuulize kwa utulivu: vitu hivi vyaweza kumzuia mtu asiambukizwe virusi?

Kwanza tufahamu kazi ya vitamini. Mwili hauwezi kujilinda pasipo navyo, kama vile taa ya mafuta isivyoweza kuwaka ikikauka. Lakini taa ikiisha jaa, ukizidi kuitia mafuta haiongezi mwanga. Yamwagika mezani tu, na pengine huleta moto. Hapo ndipo penye siri ya habari yote hii, na ushahidi wake hatuna haja ya kuufuata mbali, kwa maana sehemu kubwa umepatikana hapa hapa Tanzania.

Katika hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma, watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa mafungu mawili, na habari zao zikachapishwa mwaka 1987. Watoto 88 walipewa vitamini A kwa wingi, wakafa 6. Watoto 92 walitibiwa kwa njia ya kawaida tu, wakafa 12. Hesabu hiyo ilikuwa ndogo, na pekee isingetosha kukata shauri; lakini majaribio ya nchi nyingine yaliunga mkono, na leo ni kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kwamba kila mtoto mwenye surua apewe vitamini A. Hiyo ni taa iliyokuwa imekauka.

Dar es Salaam nako, wanawake wenye virusi vya Ukimwi walifuatiliwa kwa miaka mingi, katika siku ambazo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha ya kwamba waliomeza vitamini B, C na E kila siku walichelewa kuzidiwa: kati yao 271, walifika daraja la mwisho la ugonjwa au kufa 67, na kati ya 267 waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani, walikuwa 83. Faida ya kweli, ijapokuwa si kubwa kama alivyotarajia mwenye hofu.

Lakini tazama upande wa pili. Katika uchunguzi huo huo, uliotangazwa mwaka 2002, akina mama waliopewa vitamini A waliwaambukiza watoto wao virusi zaidi kuliko wasiopewa: 34 katika kila mia, badala ya 25. Baadaye wagonjwa zaidi ya 3,400, nao tayari wamekwisha anza dawa za Ukimwi, walijaribiwa kwa vitamini za kiasi kikubwa na za kiasi cha kawaida. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2009 kabla ya wakati wake, kwa sababu kile kiasi kikubwa hakikuleta faida, bali kilionyesha dalili za kuudhi ini. Na mwaka 2020 yakaja matokeo ya vitamini D kwa watu 4,000 wa Dar es Salaam wanaoanza dawa hizo. Haikupunguza vifo wala kifua kikuu. Nani angedhani ya kwamba kitu kizuri kama vitamini A, kilichomsaidia mtoto wa Mvumi, kingemdhuru mtoto wa Dar es Salaam? Ndiyo sababu elimu haikubali kukisia.

Huko ng'ambo mambo hayakuwa mbali na haya. Vitamini C ilipata sifa kubwa tangu mwaka 1970, alipoandika kitabu juu yake Linus Pauling, mwanachuoni wa Marekani. Tangu hapo imejaribiwa kwa maelfu ya watu: mtu wa kawaida aimezaye kila siku hapungukiwi na mafua hata kidogo, yakimpata humwachia mapema kwa saa chache. Waliofaidika kwa kukingwa ni wakimbiaji wa mbio ndefu na askari walio katika baridi kali. Katika Norway watu 34,601 walikunywa, majira ya baridi ya 2020 na 2021, ama mafuta ya ini la samaki ama mafuta ya mahindi. Korona haikubagua baina yao. Uingereza nako, watu 6,200 walishirikishwa katika jaribio la vitamini D, wala waliopewa hawakusalimika kuliko wenzao.

Jaribio moja lawahusu wauguzi wenyewe, nalo halifai kufichwa. Katika hospitali nne za mji wa Mexico, wahudumu wa afya 321 waliandikishwa kumeza vitamini D, au kidonge kitupu, kwa siku 30. Waliomeza vitamini waliambukizwa 6 katika mia, wenzao 24. Ni tofauti kubwa! Lakini waliofika mwisho wa jaribio ni 192 tu, na mwezi mmoja ni mfupi. Kwa maoni yangu huo ni mwanga wa kiberiti: waonyesha penye mlango, hautoshi kusomea kitabu.

Sasa turudi Mpanda. Mwuguzi wa Katavi hana theluji ya kumnyima jua, lakini aingiaye kazini usiku na kulala mchana huenda asilione juma zima. Akae barazani nusu saa asubuhi. Ama chakula, Mwenyezi Mungu ameikirimu nchi hii. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, waletwao kutoka Karema na Ikola, huliwa wazima na mifupa yao, na ndani yake mna zinki na chokaa. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Karanga, maharage, matembele na kisamvu vipo sokoni. Afunguaye Ramadhani kwa chai na kitumbua, kisha akala daku ugali mtupu na kuingia zamu, huyo ndiye taa yake yakauka, na hapati dawa dukani ila kwenye sahani yake. Vidonge vina watu wake: mja mzito hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki kliniki, naye asijimezee vitamini A kwa wingi, maana yaweza kumlemaza mtoto tumboni. Zinki ya kupita kiasi kwa muda mrefu huukosesha mwili madini ya shaba.

Na asali? Asali ya Mlele yajulikana, na heshima ya asali na habasoda katika dini yetu haihitaji kuelezwa hapa. Pakistan mwaka 2020 vitu hivyo viwili vilijaribiwa kwa wagonjwa 313 wa Korona, na waliopewa walipona upesi zaidi. Lakini hao walikwisha kuugua, haikuwa kinga. Basi mwuguzi na ale asali yake kwa furaha, asimlambishe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, wala asivue barakoa kwa kuitegemea. Bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha ategemee, hakuambiwa amlishe vizuri na kumwacha wazi.

Kamba ya kumfungia ngamia huyu yajulikana. Ilipozuka Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, walipatikana wagonjwa tisa, wakafa sita, na wahudumu wa afya walikuwamo katika walioambukizwa. Haikuwako chanjo, ugonjwa ulizimwa kwa glavu, mavazi ya kinga, sabuni, na kuwafuatilia waliogusana na wagonjwa. Mwaka 2022 surua iliua watoto katika Mpimbwe, wilayani Mlele, ingawa chanjo yake ipo tangu zamani. Chanjo ya Korona ilianza kutolewa nchini tarehe 28 Julai 2021, na wahudumu wa afya wakawa katika safu ya kwanza.

Liko tena jambo ambalo vidonge husahaulisha. Sindano iliyomchoma mgonjwa yaweza kumchoma mwuguzi, na virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa njia hiyo kwa wepesi kuliko vya Ukimwi. Aliyechomwa na aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji, atoe habari papo hapo, na aanze dawa za kuzuia Ukimwi kabla ya kupita saa 72, azimeze siku 28. Ama homa ya ini B, chanjo yake ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Familia iliyokusudia kumnunulia binti yao mwuguzi chupa ya vitamini, na imwulize kwanza kama ameipata ile dozi ya tatu.