Injini kuukuu ya boti ikikataa kuwaka

Wavuvi na manahodha wa boti wanahimizwa kukagua injini zao wakiwa bado ufuoni. Injini ikizima nje ya mlango bahari, boti hubebwa na mkondo.

Ikikataa kuwaka, usivute kamba hadi mkono uume. Mara nyingi kosa ni dogo: kikamba cha usalama kimechomoka, gia haiko nyutro, au tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefungwa. Fungua tundu, kisha binya pampu ya mpira hadi iwe ngumu. Ikibaki laini, mpira unavuta hewa au petroli imekwisha.

Fungua plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikilowa, umezidisha choki. Ifute, subiri mvuke uishe. Ikiwa nyeusi yenye mafuta, huenda oili imezidi. Injini nyingi za kuchanganya hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, ila kitabu cha injini ndicho cha kufuatwa.

Petroli ya madumu nayo huingia maji. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, uiache itulie: maji hukaa chini.

Usivute sigara karibu. Beba plagi ya akiba na spana yake, makasia, nanga, na jaketi la kujiokolea kwa kila abiria.