Hirola, Swala wa Ng'ambo ya Tana

Msafiri atokaye mji wa Garissa, akaufuata mto Tana kuelekea Masalani, huwa na nchi mbili mbele ya macho yake. Upande wa kuume, karibu na maji, yako mashamba ya mahindi, migomba na miembe, ambayo mengine ni ya Wapokomo, wakulima wa mto huo tangu zamani, na mengine ni ya watu walioacha kuhamahama na mifugo. Upande wa kushoto, mwendo mfupi tu kutoka mtoni, migomba hukoma ghafula. Hapo huanza mbuga tambarare ya majani mafupi na vichaka vya miiba, nayo huendelea hata mpaka wa Somalia.

Kila nchi ina wanyama wake na desturi yake ya kuwinda. Karibu na mashamba hukaa pongo na kuru, ambao hujificha katika vichaka vya mto; mwenye kuwawinda hupita polepole katika njia za mashambani, akisikiliza kuliko kutazama. Mbugani wako swala twiga, digidigi na nyamera, na pamoja nao yuko mnyama mmoja ambaye asili yake haipatikani popote duniani isipokuwa katika nchi iliyo kati ya mto Tana na mto Juba. Huyo ni hirola.

Kimo chake mabegani hupita mita moja kidogo, na dume mkubwa aweza kufikia uzito wa kilo mia na zaidi. Rangi yake ni ya mchanga, mkia wake mweupe, na pembe zake ndefu hupinda nje kisha zikasimama wima. Mstari mweupe hupita juu ya paji la uso na kuyazunguka macho, hata mtu akadhani kwamba amevaa miwani. Chini ya kila jicho ana tezi nyeusi iliyo wazi kama jicho la pili, na kwa sababu hii wengine humwita swala wa macho manne.

Wazungu wa elimu ya wanyama walimfahamu kwa mara ya kwanza baada ya mwaka 1888, wakati Mwingereza mmoja, Bwana H. C. V. Hunter, alipowapata wanyama hawa karibu na Tana. Mwaka uliofuata, 1889, mtaalamu Sclater alimwandika katika vitabu vya elimu na kumpa jina la Bwana huyo. Kwa Kiingereza jina Hunter maana yake ni mwindaji. Basi mnyama akaitwa kwa jina la mwindaji, hali wenyeji walikuwa na majina yao kwake tangu kale.

Katika nchi ya vilima mwindaji hupanda juu, akatazama bonde lote, kisha akashuka kwa siri nyuma ya mawe. Garissa hakuna msaada wa namna hiyo. Ardhi ni sawa kama mkeka, na mtu asimamaye huonekana kutoka mbali. Mwindaji wa hapa hutegemea upepo, nyayo na subira. Hutoka kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa hirola hula asubuhi na jioni, na wakati wa joto kali hupumzika. Huangalia ukwato ulivyoingia katika mchanga: kama kingo za alama ni kali, mnyama amepita sasa hivi, kama zimeanza kubomoka au mdudu amekwisha kukatiza juu yake, amechelewa. Asiyejua mambo haya hurudi nyumbani na kiu tu.

Mabingwa wa kazi hii walikuwa Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, na makao yao ni misitu iliyo kati ya Garissa na Lamu. Waliishi kwa nyama, asali na matunda ya mwituni, na silaha yao ilikuwa upinde na mshale wenye sumu. Sumu ya namna hiyo, katika nchi nyingi za mashariki ya Kenya, hupatikana kwa kuchemsha vipande vya mti muda mrefu mpaka maji yawe mazito na meusi kama lami. Ncha iliyopakwa hufungwa kwa ngozi, sumu isikauke, wala mwenye mshale asijichome mwenyewe. Wasomali, ambao mali yao ni ngamia na ng'ombe, hawakuona fahari katika kuwinda. Mtu wa kuishi kwa nyama ya mwituni walimhesabu kuwa maskini asiye na mifugo. Huenda dharau hiyo ilimfaa hirola kuliko sheria nyingi.

Sheria nazo zilikuwapo. Wakati wa utawala wa Waingereza, mgeni mwenye fedha alinunua cheti cha kuwinda, akapiga risasi na kuchukua pembe kwao ukutani. Mboni aliyempiga mnyama kwa mshale ili watoto wapate kula aliitwa mwizi. Kitendo kilikuwa kimoja, na haki mbili. Jambo hili halikusahauliwa katika vijiji vya msituni, na si ajabu kwamba kwa miaka mingi neno la kuhifadhi wanyama lilisikika huko kama neno la adui.

Mwezi wa Mei, mwaka 1977, Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, wa cheti na usio wa cheti. Ingetazamiwa kwamba tangu siku hiyo hirola wangeongezeka. Wakati ule walihesabiwa kuwa zaidi ya elfu kumi. Leo hawazidi mia tano.

Wengi hujibu upesi kwamba majangili wamewamaliza. Ni kweli kwamba bunduki zilienea sana katika nchi ya mpakani, na hirola wengine waliuawa kwa nyama. Lakini bunduki peke yake haielezi hasara kubwa kiasi hiki. Katika miaka ya 1980 ulikuja ugonjwa wa sotoka, ambao huua ng'ombe na wanyama wa jamii yao, na ukame mkali wa mwaka 1984 ukafuata njia ile ile. Hata hivyo magonjwa hupita na mvua hurudi, hirola hawakurudi. Sababu ya tatu ilifanya kazi kimya kimya, nayo ilionekana baadaye sana.

Dk. Abdullahi Ali, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Garissa, pamoja na wenzake, walilinganisha picha za nchi hiyo zilizopigwa kutoka angani. Waliona kwamba kati ya mwaka 1985 na 2012 miti na vichaka viliongezeka zaidi ya maradufu katika makao ya zamani ya hirola. Ndovu, waliokuwa wakiangusha miti na kufungua mbuga, waliuawa na majangili kwa ajili ya pembe, wakatoweka karibu wote katika sehemu hizo. Majani yaliyobaki yakaliwa na mifugo iliyokaa mahali pamoja muda mrefu. Hirola hali matawi kama swala twiga; chakula chake ni majani mafupi ya mbugani. Basi risasi iliyomwangusha ndovu ilimpata na hirola, ingawa haikumgusa.

Katika kutafuta dawa, wakubwa waliona ni afadhali mnyama ahamishwe. Mwaka 1963 hirola kadhaa walikamatwa na kupelekwa Tsavo Mashariki, ambako kizazi chao kipo hata leo, ingawa hakijawa kikubwa. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilianza kuwakamata wengine. Safari hii wenyeji wa Garissa hawakunyamaza. Walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, wakasema kwamba mnyama huyu ni urithi wa nchi yao na hakuna ruhusa ya kuwanyang'anya. Wengine walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, lakini mahakama iliwapa wenyeji haki, na kazi ya kuwahamisha ikazuiwa. Watu waliodhaniwa kuwa hawajali wanyama ndio waliotoa nauli na kumlipa wakili ili mnyama abaki kwao.

Tangu hapo shauri lilibadilika. Karibu na Masalani wenyeji walitenga hifadhi yao iitwayo Ishaqbini, na mwaka 2012 sehemu yake, zaidi ya kilomita ishirini za mraba, ilizungushiwa ukua ili simba, mbwa mwitu na duma wasiingie. Hirola 48 walitiwa ndani. Wamezaana vizuri, na katika miaka iliyofuata idadi yao ilipita mia moja. Nje ya ua huo walinzi, vijana wa Kisomali waliokua wakichunga ng'ombe, huwafuata hirola kwa miguu. Husoma ukwato katika mchanga na kupima upepo kama wawindaji wa zamani walivyofanya, ila mkononi wana daftari la hesabu. Mahali pengine watu hukata vichaka na kupanda majani, kazi ambayo zamani ndovu aliifanya bila mshahara.

Ugumu hauko katika kukata vichaka. Majani yakiota, mchungaji mwenye ng'ombe waliokonda huyaona kabla ya hirola, naye pia ana watoto. Wako wazee wasemao kwamba hirola na ng'ombe hufuatana, na kwamba akipotea mmoja, wa pili hatakaa. Mvua inapokosa misimu miwili, wazee hao hukaa chini ya mti na kukata shauri ni malisho yapi yafunguliwe na yapi yaachwe. Mara nyingine kikao huchukua siku tatu, na wenye ng'ombe huondoka kwa hasira, wakaenda kutafuta majani mbali.