Kweli au Uongo: Kuchonga Vyuma kwa Mashine Uliyoijenga Nyumbani

Mwambie jirani yako wa Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, kwamba unajenga mashine ya kuchonga vyuma juu ya meza, ile inayoongozwa na kompyuta ambayo wengi tunaiita CNC. Hujamaliza kueleza, ameshakupa maoni matatu. Shuka Buyenzi, kwenye gereji ambako Kiswahili na nyundo husikika kutwa, utaongezewa mengine mengi. Bila shaka na wewe umeyasikia. Mengine yamebeba akili ya miaka mingi, mengine ni hofu tu, na yapo yanayoweza kukutoa jicho. Tuyapime.

"Mashine ya mezani ni ya mbao na plastiki. Chuma haikiwezi."

Kwa alumini na shaba ya manjano, si kweli. Kwa chuma cha kawaida, msemo huu una uzito wake.

Kinachoamua hapa ni uimara wa fremu kuliko nguvu ya mota. Kisu kinapouma chuma, chuma nacho kinakisukuma kisu. Fremu ikinesa hata kidogo sana, kisu kinarudi nyuma, kisha kinajichimbia, kinarudi tena. Ndiyo ile kelele ya kutetemeka unayoisikia, na kipande kinatoka na mawimbi. Hesabu inampendelea mtu mwenye nafasi finyu. Boriti iliyoshikiliwa upande mmoja ukiirefusha mara 2, inapinda mara 8 kwa mzigo uleule. Kwa hiyo mashine yenye mwendo wa sentimita 20, iliyoungwa kwa mabomba ya mraba yenye kuta nene, itachonga alumini safi, huku ile ya mita nzima iliyojengwa kwa mabomba hayohayo ikitetemeka tu. Anayeanza ajenge ndogo, na kila pitio aondoe unene wa sehemu chache za kumi za milimita.

Chuma cha kawaida kina shida yake nyingine. Mota za visu zinazofungwa kwenye mashine hizi hupenda kasi, mizunguko 10,000 kwa dakika na zaidi. Kisu cha milimita 4 kikizunguka hivyo, makali yake yanasafiri karibu mita 125 kila dakika. Alumini inaikubali kasi hiyo bila taabu. Lakini kisu kisicho cha kabaidi, kwenye chuma laini, kinataka mita 25 hivi kwa dakika, yaani mizunguko 2,000. Ukikizungusha mara 5 ya hapo, ncha inageuka rangi na makali yanakwisha papo hapo. Kama unataka chuma, tafuta kwanza mota inayoweza kwenda polepole bila kupoteza nguvu.

"Ni kazi ya kompyuta. Ukiijua kompyuta, umemaliza."

Si kweli hata kidogo.

Siku hizi kompyuta ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Mwaka 1952, pale MIT nchini Marekani, ilipoonyeshwa mashine ya kwanza ya aina hii, iliyotokana na wazo la John Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, makabati ya kuiongoza yalichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe, na maagizo yalisomwa kutoka kwenye utepe uliotobolewa matundu. Leo kazi hiyo inafanywa na kibao cha Arduino kinachoenea kiganjani, kwa programu ya bure iitwayo GRBL, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway. Maagizo yenyewe ni mafupi. G1 X40 F300 maana yake: nenda moja kwa moja mpaka milimita 40 kwenye mhimili wa X, kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika. Yapo mengine, lakini yale ya kila siku hayajazi ukurasa mmoja wa daftari.

Sasa tazama mambo ambayo mashine haiyajui. Haijui kama kipande kimebanwa sawasawa kwenye jiliwa. Haijui kama kisu kimekuwa butu. Haijui kama umesahau boliti ya kubania katikati ya njia. Itaipitia, na kitakachovunjika ni kisu. Haya yote yanajuliwa na mtu. Kwa sababu hiyo kijana aliyesoma ufundi ETS Kamenge, au aliyekulia kwenye gereji za Buyenzi, ana mtaji mkubwa kuliko mjuzi wa programu ambaye hajawahi kushika msumeno wa chuma.

"Jifunze tupa kwanza."

Kweli, na wazee wasibezwe. Tupa inaufundisha mkono tofauti ya makali na ubutu, inalifundisha jicho uso ulionyooka ni upi. Isitoshe, kila kipande kinatoka mashineni na makengee pembezoni, na makengee yanaondolewa kwa tupa.

"Mota inahesabu hatua ndogo sana, kwa hiyo kipande kitatoka sahihi hivyohivyo."

Si kweli, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, kwa hiyo tukae kidogo.

Mota za kawaida za mashine hizi hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Ukiunga mota moja na fimbo ya hesi ya M8, ile ya dukani, kila mzunguko unasogeza meza milimita 1.25. Gawanya: kila hatua ni milimita 0.00625. Namba inapendeza kwenye karatasi. Lakini kati ya hesi na nati yake kuna mchezo, na mchezo huo unaweza kufika sehemu ya kumi ya milimita au kupita. Kila meza inapogeuza mwelekeo, mota inahesabu hatua kadhaa huku meza imesimama pale pale. Duara linatoka na vikona, na tundu lililotakiwa kupokea beringi linaikataa.

Upime mchezo huo kabla hujachonga chochote. Bana saa ya kupimia, ile yenye mshale, iguse meza. Sogeza meza milimita moja mbele, kisha iagize mota iirudishe sehemu ya kumi ya milimita. Kama mshale haukutikisika, umemshika mwizi. Dawa yake ni ya zamani na haigharimu sana: nati mbili kwenye fimbo moja, katikati yake springi inayozisukuma zitengane, ili daima ziwe zimeegemea hesi. Wenye uwezo hununua skrubu za gololi.

Halafu kuna joto. Alumini ya milimita 100 ikipanda nyuzi 10, inarefuka kwa milimita 0.023. Kipande ulichokipima kingali cha moto kutoka kwenye kisu si kile utakachokipima kikishapoa. Kiache kipoe, ndipo uchukue kalipa.

"Mota za printa kuukuu zinatosha."

Nusu kweli. Kwa kujifunza namna mihimili inavyotembea, zinatosha kabisa. Mwaka 2013 huko Lomé, Kodjo Afate Gnikou alijenga printa ya plastiki ya 3D kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki, na Nairobi kampuni ya AB3D nayo imetumia mabaki ya aina hiyo kwenye printa zake. Lakini printa hudondosha plastiki laini, haisukumwi na chochote. Kisu kinachouma alumini kinasukumwa, na mota dhaifu ikizidiwa inaruka hatua bila kutoa taarifa. Kutoka hapo kila kipimo kimehama.

"Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo peleka kisu polepole."

Methali ni ya kweli, matumizi yake hapa si ya kweli.

Chukua kisu cha milimita 4 chenye makali mawili, mizunguko 10,000 kwa dakika. Ukikipeleka milimita 400 kwa dakika, kila kali linamega milimita 0.02. Linakata. Sasa mtu mwoga anashusha mwendo mpaka milimita 60. Kila kali linapewa milimita 0.003, unene ambao ncha ya kisu haiwezi kuushika. Kinachofuata ni kusugua, kama kisu butu juu ya ganda la nyanya: joto linapanda, alumini inalainika na kunata kwenye kisu, na kisu kinakatika. Mwanafunzi anaamini alikwenda kasi, anapunguza tena, anavunja kingine. Ukiona unga badala ya chenga, ongeza mwendo au punguza mizunguko. Chenga nzuri zina umbo linaloonekana kwa macho, na zinaondoka na joto zikikiacha kipande na uvuguvugu tu.

Polepole iwekwe panapostahili: kwenye kina cha kila pitio, kwenye kubana kipande, na kwenye kuendesha programu yote hewani, kisu kikiwa juu ya kipande, kabla ya kugusa chuma.

"Paka mafuta ya taa."

Kweli kwa alumini. Wazee walilijua hili kabla ya GRBL na kabla ya Arduino, na hata leo mafundi wa nchi zenye viwanda vikubwa wanalifanya. Mafuta ya taa yanaizuia alumini isinate kwenye makali. Matone machache kwa brashi yanatosha. Yanashika moto, basi fungua madirisha, weka mbali jiko na sigara, na usimwage.

"Alumini ni alumini tu."

Si kweli. Sufuria iliyochakaa na pistoni ya injini zote zinaitwa alumini, lakini chini ya kisu ni vitu viwili tofauti. Alumini iliyo karibu kuwa tupu ni laini na inanata. Inavutika badala ya kukatika. Alumini ya pistoni kwa kawaida ina silikoni, mara nyingi asilimia 12 hivi, na chenga zake zinakatika fupi, ingawa silikoni hiyo inakula makali. Fremu za madirisha ziko katikati. Unapozunguka soko la Ruvumera au kwa wauza vyuma chakavu, uliza kitu kile kilikuwa nini zamani, usiulize tu bei ya kilo. Wanaoyeyusha pistoni wakamimina mche wa kuchonga wana akili nzuri, mradi wasichanganye na masufuria, na mradi udongo wa kalibu usibaki ndani, maana chembe moja ya mchanga inatosha kukimaliza kisu.

"Vaa glovu, ndiyo usalama."

Si kweli, na hili nalisema kwa mkazo. Karibu na kitu kinachozunguka, glovu inanaswa na kuuvuta mkono mzima. Mkono mtupu, mikono ya shati imekunjwa, hakuna mkufu, nywele zimefungwa. Miwani ya kinga haina mjadala. Chenga ziondoe kwa brashi, mashine ikiwa imesimama.

"Umeme ukikatika, kipande kimekwenda."

Nusu kweli. Mota zikikosa umeme hupoteza mahali zilipokuwa. Lakini ukiwa umefunga swichi ndogo mwisho wa kila mhimili, mashine inaweza kurudi kuzigusa na kujihesabu upya. Andika kwenye daftari umbali kutoka swichi hizo mpaka kona ya kipande, usikitoe kipande kwenye jiliwa, nyanyua kisu, kisha anza tena kutoka mstari wa programu ulio kabla kidogo ya pale ulipokatikia.

Jihadhari na suluhisho linalopendekezwa na wengi, la kuweka UPS kwenye kompyuta, kibao na mota za mihimili pekee. Umeme ukikatika, mota ya kisu inasimama huku mihimili ikiendelea kutembea, na kisu kilichosimama kinasukumwa ndani ya chuma. Ama vyote viwe kwenye UPS, ama vyote vizimike pamoja.

"Mashine yenye kasoro haizai kipande kisicho na kasoro."

Si kweli, na ulimwengu mzima wa viwanda ni ushahidi. Kama ingekuwa kweli, mashine ya kwanza iliyo sahihi isingepatikana kamwe.

Joseph Whitworth, fundi Mwingereza aliyepitia karakana ya Henry Maudslay, alieleza mwaka 1840 namna ya kupata uso ulionyooka bila kuwa na uso wowote ulionyooka wa kuigia. Unahitaji mabamba matatu. Paka la kwanza rangi nyembamba, masizi na mafuta yanafaa, lilaze juu ya la pili, na kwangua kila palipoguswa. Mawili peke yake yanaweza kudanganyana: moja lina tumbo, jingine lina shimo, na bado yanalingana. Lete la tatu. Yakishalingana yote matatu, kila moja na kila jingine, hata ukiyageuza robo ya mzunguko, hakuna umbo linalobaki isipokuwa kunyooka. Kikwanguo kinatengenezwa kwa tupa kuukuu iliyonolewa ncha.

Kwenye meza yako kanuni ni hiyohiyo. Fremu ikishasimama, bana bamba la alumini juu ya meza na ulipitishe lote chini ya kisu. Sasa uso huo umelingana na mwendo wa mashine yako, hata kama meza chini yake imeinama. Juu yake chonga vishikio vya mota na vya nati, badala ya vile vya mbao ulivyoanza navyo. Vifunge, pima mchezo upya kwa ile saa yenye mshale, kisha pitisha bamba lingine.